Kigamboni: Wepesi wa Kodi na Uzito wa Njia



Napenda kuwasimulia safari fupi niliyoifanya mapema mwaka 2024, kutoka Kariakoo hadi Kibada, katika Wilaya ya Kigamboni, mjini Dar es Salaam. Safari yenyewe haikuchukua ila jioni moja na asubuhi yake, lakini mafunzo niliyorudi nayo ni makubwa, na mengine ni ya kunitahayarisha mimi mwenyewe.

Yuko kijana mmoja niliyemsomesha tangu alif hadi akahitimu. Leo ni baba wa watoto watatu, na kazi yake ni kuuza vitambaa katika duka la mtu huko Kariakoo. Mwaka uliotangulia safari hii alinijia kutaka shauri. Alikuwa akikaa Ilala, vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja, na ua mdogo uliojaa majiko na ndoo. Nikamwambia, "Nenda Kigamboni, mwanangu. Huko kodi ni nafuu, hewa ni safi, na watoto watapata pa kuchezea." Akanitii, kama alivyozoea kunitii tangu utoto wake. Mimi nikalisahau neno langu. Yeye ndiye aliyelibeba.

Basi Jumamosi moja nilimfuata dukani ili niende naye kwake, nami niione njia kwa saa ile ile aionayo yeye. Saa kumi na mbili jioni duka likafungwa, tukapanda daladala hadi Feri. Nauli ilikuwa shilingi 600, kwani nauli ya mwendo usiozidi kilomita 10 ilipandishwa mwezi wa Desemba 2023 kutoka shilingi 500. Tukasali Magharibi, kisha tukaingia katika umati wa watu wanaongoja pantoni. Harufu ya soko la samaki ilikuwa nyuma yetu. Mbele yetu migongo ya watu, baiskeli, pikipiki na mikokoteni. Hapo kila mtu alilipa shilingi 200, nauli iliyowekwa Januari 2012, badala ya shilingi 100 iliyokuwapo kabla yake.

Bahari yenyewe huvukwa kwa dakika chache tu. Mlango wa bandari si mpana, na taa za ng'ambo huonekana kama za mtaa wa pili. Lakini kuivuka ni jambo moja, na kuingoja zamu ya kuivuka ni jambo jingine. Nikamwuliza, "Na lile daraja?" Maana Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwezi wa Aprili 2016 kutoka Kurasini. Akanijibu, "Maalim, mwenye gari hulipa ushuru akapita. Mimi nililijaribu kwa daladala, nikaona muda ninaouepuka majini naukuta barabarani."

Tuliposhuka ng'ambo tukapanda daladala nyingine, shilingi 600 tena, na tulipobisha mlangoni kwake ilikuwa saa mbili usiku imepita. Mtoto wake mdogo, wa miaka minne, alikuwa amelala. Baba yake akainama, akamfunika vizuri, akatoka. Hakusema neno, nami sikumwuliza.

Asubuhi nilikiona Kibada kwa mwanga wa jua. Ni mahali pazuri, wala sitaki mtu adhani nimekuja kupatukana. Viwanja vyake vilipimwa katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na kwa hiyo njia zake zimenyooka, na nyumba hazikusongamana. Iko miembe na minazi, na upepo wa bahari wafika. Watoto hucheza mchangani bila ya kuogopa gari.

Mke wa kijana wangu alipotuletea chai na mihogo alisema, "Maalim, kule Ilala nilikuwa nikiamka usiku kupanga foleni ya choo na watoto. Hapa nalala. Usimwambie mume wangu aturudishe." Neno hilo nililiweka moyoni, kwani nalo ni haki.

Baada ya chai nikamwomba kijana karatasi na kalamu, tukaandika hesabu yake. Kodi ya Kibada ilikuwa pungufu ya ile ya Ilala kwa shilingi 80,000 kila mwezi. Huo ndio unafuu niliomsifia. Lakini huko Ilala alikuwa akienda kazini kwa miguu. Sasa hulipa shilingi 1,400 kwenda, na 1,400 kurudi, yaani 2,800 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 72,800. Toa katika 80,000; kilichobaki ni shilingi 7,200.

Kisha tukahesabu muda. Saa mbili kwenda na saa mbili kurudi ni saa nne kwa siku, na kwa siku 26 ni saa 104. Tukizigawa zile shilingi 7,200 kwa saa 104, kila saa aliyokuwa mbali na wanawe ilimletea faida isiyofika shilingi 70. Kijana akaiangalia karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Na bado hatujaandika maji." Maana mabomba ya mradi wa visima vya Kisarawe II, uliozinduliwa Novemba 2022 kwa uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, yalikuwa hayajafika katika nyumba ile, na wao walikuwa wakinunua maji kwa madumu.

Nikamwita yule mtoto mdogo nimsikilize. Akasoma Alhamdu mpaka katikati, akanyamaza. Nikamwuliza, "Nani anakusomesha?" Akajibu, "Baba, siku ya Jumapili."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotahayari. Mimi niliyekaa miaka mingi nikiwahimiza wazee wasiache kuwasikiliza watoto wao kila usiku, ndimi niliyemshauri baba ahamie mahali asipoweza kuwasikiliza ila siku moja katika saba. Nilipima kodi, sikupima njia. Nikamwambia wazi, "Mwanangu, shauri langu lilikuwa pungufu. Nisamehe." Akataka kunikatiza kwa adabu, nami sikumwachia.

Je, warudi Ilala? Mama amekwisha kutoa hoja yake, na hoja yake ina uzito. Wahame papo hapo? Nao walikuwa wamelipa kodi ya miezi sita mbele, kama wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam watakavyo. Tukashauriana sote watatu, tukaona njia ya katikati: wamalize miezi yao, kisha watafute vyumba huko huko Kigamboni, lakini mahali ambapo mtu aweza kwenda kwa miguu mpaka kwenye kivuko.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Waliamia vyumba viwili badala ya vitatu, kwa kodi iliyozidi ile ya Kibada kwa shilingi 30,000. Lakini daladala ya ng'ambo ikaondoka katika hesabu, nayo ilikuwa ikila shilingi 31,200 kila mwezi. Ua wao ni mdogo, na mama alisikitikia mwembe wa Kibada. Lakini choo ni chao wenyewe, na baba huingia nyumbani kabla ya adhana ya Isha, watoto wakiwa macho.

Enyi vijana mnaotaka kuoa, na enyi wazazi mnaotafuta nyumba, nawausia mambo matatu. Kwanza, msiihesabu kodi peke yake. Andikeni pamoja nayo nauli, maji, skuli ya watoto, na saa za njiani, kwani umri nao ni mali, na kila mtu ataulizwa aliutumia katika nini. Pili, tazameni jirani na msikiti kabla ya kutazama marumaru na geti, kama wazee wetu walivyotufundisha. Wako watu ambao wakihamia pembeni ya mji huona haya kuishi kama walivyokuwa. Hukopa kwa ajili ya makochi na kuta ndefu, na unafuu wa kodi ukaishia hapo. Dini yetu imetutaka tushike wastani baina ya israfu na ubakhili. Tatu, mke na ashirikishwe katika hesabu, kwani yeye hujua gharama ambazo mume hazioni.

Huko mbele ya Kibada, upande wa pwani, iko Gezaulole, jina la Kizaramo ambalo maana yake ni "jaribu uone". Ni jina zuri kwa kijiji. Lakini katika kuihamisha familia, afadhali mtu aone kwanza, ndipo ajaribu. Apite njia ile asubuhi na jioni, kwa miguu yake na nauli yake, kabla hajatoa kodi.

Mwenyezi Mungu atupe makazi yenye baraka, na atujaalie kuwa karibu na watoto wetu wangali wadogo. Amin.