Maji Yaliingia, Majitaka Yakabaki

Kwa sisi tuliokulia Dar es Salaam, kumbukumbu ya maji ni kumbukumbu ya bomba. Tunajua mtaa upi ulichimbwa mtaro kwanza, ni miaka gani bomba lilikuwa likikoroma hewa tupu, na lini dira za maji zilianza kuonekana kwenye kuta za nyumba za uswahilini. Hata viongozi wetu huhesabu maendeleo kwa njia hiyo hiyo: kaya ngapi zimeungiwa, lita ngapi zinazalishwa. Naiheshimu historia hiyo, kwa kuwa ni ya kweli na imewatua ndoo kina mama wengi. Lakini nikiyapanga mabadiliko hayo tangu miaka ya sitini hadi leo, naona nusu ya habari haijasimuliwa. Maji yaliyoingia mtaani yalipaswa pia kutoka, na kutoka kwake hakukuandaliwa. Hoja yangu ni kwamba katika mitaa ya watu wa kipato cha chini bomba peke yake halikuwahi kutosha kulinda afya, na mji unaojenga majisafi huku ukimwachia kila mwenye nyumba majitaka yake utaendelea kuugua hata siku kila kaya itakapokuwa na bomba.

Tuanze na bomba lenyewe. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, wakati Dar es Salaam ilikuwa mji mdogo. Sensa ya 1967 iliukuta na watu wapatao 273,000. Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976, ukiwa na uwezo wa lita milioni 182 kwa siku. Katika miaka hiyo, aliyekuwa na bomba alikuwa na maji kweli, na asiyekuwa nalo aliteka kwenye bomba la mtaa bila kulipa. Tuna ushahidi mzuri wa enzi hiyo. Kati ya 1966 na 1968 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walipima matumizi ya maji majumbani katika vituo 34 vya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 1997 watafiti wengine wakarudi karibu kwenye vituo hivyo vyote. Matokeo yao yanalingana na kumbukumbu za wazee wa mji huu. Katika nyumba zenye bomba, maji anayotumia mtu mmoja kwa siku yalikuwa yamepungua kwa takriban nusu. Katika mitaa ya mijini isiyo na bomba, muda wa kuteka maji ulikuwa umepanda kutoka chini ya nusu saa hadi kama saa moja na nusu kwa siku. Miaka hiyo thelathini ilikuwa imeongeza watu kwa kasi kuliko mabomba, na mabomba yaliyokuwepo yalikuwa yamechakaa.

Ndipo likazaliwa soko la maji tunalolikumbuka sote: mikokoteni iliyopangwa madumu ya lita 20, maboza yaliyojaza matangi ya wenye uwezo, na visima vya maji chumvi vilivyochimbwa nyuma ya nyumba. Soko hilo liliwaokoa watu, lakini liliwatoza ghali. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Ndoo ikiuzwa shilingi 200, uniti inafika shilingi 10,000, ilhali aliyeungiwa bomba nyumbani kwa miaka mingi alilipa chini ya shilingi 2,000 kwa uniti. Masikini hakukosa maji kwa sababu hakuwa na fedha ya kuyalipia. Alilipa kila siku, tena zaidi ya tajiri, kwa sababu mtandao haukumfikia. Serikali ilijaribu dawa mbalimbali. Sera ya maji ya 1991 ilileta uchangiaji wa gharama. Mwezi Agosti 2003 uendeshaji wa maji ya jiji ukakabidhiwa kampuni binafsi ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi, na mwaka 2005 serikali ikauvunja. Kampuni ya umma, DAWASCO, ikachukua kazi, hadi ilipounganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mwaka 2018. Katika muongo uliopita mitambo ikapanuliwa: Ruvu Chini hadi lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu, uliokuwa ukitoa lita milioni 82, hadi milioni 196. Mgawo wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, ulitukumbusha kuwa tunategemea chanzo kimoja mno. Hata hivyo, mtu aliyeyaona mabomba ya miaka ya tisini hawezi kusema kwamba hapajabadilika kitu.

Sasa tutazame upande wa pili wa bomba. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu milioni 5.38. Zaidi ya nusu yao wanaishi katika makazi yasiyopimwa. Mtandao wa mabomba ya majitaka umebaki kuhudumia katikati ya jiji na maeneo machache yaliyopangwa, na kwa miongo mingi haukufikia hata kaya moja kati ya kumi. Waliobaki wanategemea shimo. Choo cha shimo ni teknolojia nzuri pale ambapo ardhi inanyonya na maji ya chini yako mbali. Kwenye bonde la Msimbazi na mitaa mingine ya mabondeni, maji ya chini hupanda masika hadi karibu na uso wa ardhi. Ndiyo maana utaona vyoo vimeinuliwa, unapanda ngazi tatu au nne kuingia, na chini yake shimo limejengwa kwa tofali, mapipa au matairi ya gari yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mara nyingi maji ya kuogea nayo huishia shimoni humo. Bomba linapofika kwenye nyumba ya namna hiyo, matumizi ya maji huongezeka, na shimo hujaa upesi kuliko zamani. Neema ya bomba inageuka mzigo wa choo.

Shimo likijaa, mwenye nyumba ana njia tatu. Ya kwanza ni gari la kunyonya majitaka, ambalo ni zuri lakini ni ghali, na haliwezi kupita kwenye kichochoro kinachotosha mkokoteni tu. Ya pili ni kuwaita vyura, vijana wanaobomoa sakafu ya choo, kuingia shimoni kwa miguu yao, kuchota tope kwa ndoo na kulifukia kwenye shimo jingine lililochimbwa uani. Ni kazi ya hatari inayofanywa usiku bila glavu wala buti za maana, na jamii inayowategemea vijana hawa huwatazama kwa aibu. Ya tatu haigharimu chochote siku ile: kutapisha choo. Mvua kubwa inaponyesha, tofali huchomolewa ubavuni mwa shimo, au bomba lililozibwa kwa tambara huzibuliwa, na yaliyomo hutoka na maji ya mvua hadi mtaroni, kisha mtoni, kisha kwenye nyumba ya jirani wa bondeni. Kila anayeishi uswahilini anajua harufu ya siku hizo. Sheria inakataza, lakini sheria haijampa anayekatazwa mahali pengine pa kupeleka kinyesi chake.

Hapo ndipo ugonjwa unapopata njia. Kipindupindu kiliingia nchini mwaka 1974 na tangu hapo kimekuwa kikirudi. Kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kisha kusambaa mikoani hadi wagonjwa wakazidi 20,000, tulifanya yale tunayofanya siku zote: tukagawa dawa ya kutibu maji, tukapiga marufuku vyakula vya kuuzwa hadharani, tukahimizana kunawa mikono. Yote yalikuwa ya lazima, lakini ni hatua za kumzuia mdudu asiingie mdomoni. Alikotoka hakukuguswa, kwa maana mashimo yaliyokuwa yakitapishwa kabla ya mlipuko yaliendelea kutapishwa masika iliyofuata. Bomba nalo si kinga kamili. Maji yanapotolewa kwa mgawo, bomba hubaki bila msukumo kwa saa nyingi, na pale lilipopasuka likapita ndani ya mtaro mchafu, uchafu hupata mwanya wa kuingia. Majisafi yanayopita juu ya majitaka hayana uhakika wa kufika safi.

Si kwamba hakuna lililojaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya themanini wataalamu kutoka Uholanzi walileta mradi ulioitwa MAPET: pampu ya kuzungusha kwa mkono na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni, vyote vikiwa vyembamba vya kutosha kupita vichochoroni. Ulifanya kazi, kisha ukafifia, kwa sababu vipuri vilikosekana, mkokoteni haukuweza kusukumwa hadi kwenye mabwawa ya mbali ya kutibia majitaka, na hapakuwa na taasisi ya umma iliyouona kuwa wake. Baada ya 2000 ikaja pampu nyingine ya mkono, Gulper, iliyojaribiwa Temeke. Kifaa hakikuwa tatizo katika majaribio hayo. Kilichokosekana ni mlolongo mzima: wa kunyonya, wa kusafirisha, wa kupokea na kuchakata, na wa kusimamia. Mitambo midogo ya kuchakata tope la vyooni, kama ule wa Toangoma, ni hatua ya kuziba pengo hilo, na inastahili kuwepo karibu na kila kundi la mitaa.

Mfano ninaouthamini zaidi uko Vingunguti, humu humu jijini. Wakazi wa pale waliishi kwa miaka mingi kando ya mabwawa ya kutibia majitaka ya watu wengine, huku mashimo yao wenyewe yakifurika. Katika muongo wa 2010 vikundi vya kuweka akiba, vikisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives na kwa ushirikiano na DAWASA, vilianza kulaza mabomba ya majitaka ya gharama nafuu. Ufundi wake ulianzia Brazili miaka ya themanini, na moyo wake unafanana na wa mtaa wa Orangi huko Karachi, ambako tangu 1980 Akhtar Hameed Khan aliwahimiza wakazi wajenge mfereji wa kichochoro chao wenyewe. Bomba ni jembamba, la inchi nne au kidogo zaidi, na hulazwa kina kifupi kwa sababu kichochoroni hapapiti lori la kulivunja. Kila nyumba hujenga chemba ndogo yenye mfuniko, chemba huunganishwa na jirani, na mteremko wa ardhi husukuma majitaka hadi bomba kuu. Hakuna kuchimba mita tatu, na nyumba hazivunjwi.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuza. Wanasema nchi masikini ianze na maji, choo kitafuata. Tumeshafanya hivyo kwa zaidi ya nusu karne, na choo hakijafuata. Wanasema mtandao wa majitaka ni ghali. Ni kweli kwa mtandao wa barabara pana, lakini Vingunguti inaonyesha kuwa upo wa bei nyingine, na hesabu ya haki lazima iweke upande wa pili gharama ya wodi za kipindupindu, siku za kazi zilizopotea na magari ya kunyonya yanayolipwa kila mwaka. Wanasema watu wa kipato cha chini hawatalipa. Watu hao hao ndio walionunua maji kwa shilingi 10,000 uniti, na ndio wanaowalipa vyura. Wasichoweza ni kulipa gharama yote ya kuunganishwa kwa mkupuo, na dawa yake ni malipo ya awamu. Wanasema mwenye nyumba hatajenga kwa faida ya mpangaji. Pengine, ikiwa haishi hapo. Lakini katika nyumba nyingi za uswahilini mwenye nyumba na wapangaji wanatumia choo kimoja, na shimo likifurika linafurika kwa wote.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kupeleka huduma kwenye makazi holela ni kuyabariki, na kwamba wanaoishi bondeni wanapaswa kuhama. Mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha kuwa yapo maeneo ambayo kweli hayafai kukaliwa, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande. Lakini haiwezekani kuhamisha zaidi ya nusu ya jiji. Nairobi ilipoyatangaza makazi holela ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, ilikubali kuwa mtaa unaweza kupangwa watu wakiwa ndani yake. Na kinyesi hakiulizi hati ya kiwanja: kinachotapishwa kwenye makazi holela hufika kwenye ufukwe na soko tunalolitumia sote.

Kwa hiyo ninachodai hakihitaji ugunduzi mpya. Kila mradi wa majisafi uje na fungu lake la majitaka, katika bajeti ile ile na kwa mtaa ule ule. Vyura watambuliwe, wapewe mafunzo, vifaa na mahali halali pa kumwaga, badala ya kufukuzwa usiku. Mamlaka itangaze kila mwaka kiasi cha kinyesi kinachofika kwenye mtambo, kama inavyotangaza lita zinazozalishwa Ruvu. Nasi wananchi tubadili swali tunalouliza. Diwani au mbunge akija mtaani kwako na ahadi ya bomba, mpigie makofi, kisha muulize majitaka ya mtaa huo yatakwenda wapi. Asipokuwa na jibu, mwambie arudi atakapokuwa nalo.