Ahadi kwa Maiti: Wachezaji wa The Dig na Fumbo Lisilo na Jibu

Ahadi ni deni, wamenena wahenga, na kila aliyelelewa kwa lugha hii ameusikia msemo huo kabla hajaijua maana ya deni. Lakini wahenga hawakueleza deni hilo hulipwaje pindi mdai anapokuwa amekwisha kufa, ilhali mdaiwa ameshika mkononi dawa ya kumrudishia roho. Swali la namna hiyo lastahili utenzi. Hata hivyo, mahali lilipokaa na kuwaudhi watu wengi ni ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao The Dig, uliotolewa na kampuni ya LucasArts ya Marekani mwishoni mwa mwaka 1995. Wachezaji wake wamehitilafiana juu ya mambo mengi, na aghalabu mabishano yao huishia kwenye swali hilo moja.

Mchezo wenyewe ni wa jamii ya michezo ya visa isiyohitaji wepesi wa vidole. Mchezaji huonyeshwa picha ya mahali. Husogeza kielekezi kwa kipanya, hubofya mlango, jiwe au mtu, naye mhusika wake huenda, huokota, husema. Hakuna saa inayomkimbiza. Kazi yake ni kutazama, kuwaza, na kuunganisha kitu na kitu hadi njia ifunguke. LucasArts walikuwa mabingwa wa fani hiyo tangu Maniac Mansion ya mwaka 1987, mchezo uliozaa mfumo wa programu uitwao SCUMM ambao ulitumika katika kazi zao nyingi zilizofuata. Tena walikuwa na desturi iliyowapambanua na wenzao. Katika michezo ya washindani wao, hatua moja ya kukosea iliweza kumtumbukiza mhusika shimoni na jitihada ya saa nzima ikapotea. Kwa LucasArts mchezaji hakuuawa ovyo. Alitembea kwa amani, na katika amani hiyo wakamjazia mizaha, kama ilivyo katika The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990.

The Dig ulivunja mazoea hayo ya kucheka. Wazo lake lilitoka kwa Steven Spielberg, aliyelikusudia awali kwa tamthilia zake za televisheni ziitwazo Amazing Stories, likaonekana kuwa ghali mno kupigwa picha. Kazi ya kuligeuza mchezo ilianza mwaka 1989, ikapita mikononi mwa viongozi wanne mmoja baada ya mwingine: Noah Falstein, Brian Moriarty, Dave Grossman na hatimaye Sean Clark, ambaye ndiye aliyeifikisha bandarini. Mazungumzo aliyaandika mwanariwaya Orson Scott Card. Muziki aliutunga Michael Land. Sauti ya mhusika mkuu ilitolewa na mwigizaji Robert Patrick. Chombo kilichosafiri muda huo wote, tena kikiwa kimebeba majina makubwa namna hiyo, hakikosi kungojewa na umati ufukweni. Baadhi ya lawama za mwanzo zilitokana na kungoja huko: watu walitarajia muujiza, wakapewa kisa cha watu watatu waliopotea.

Kisa chaanzia angani. Jiwe kubwa lipewalo jina la Attila laelekea duniani, na Kamanda Boston Low atumwa pamoja na wenzake kulitegea mabomu ya nyuklia ili lihame njia. Kazi yatimia; kisha wagundua kwamba jiwe lina uwazi ndani, na kwamba mikono isiyo ya binadamu ilipata kulichonga. Watatu waingia: Low mwenyewe, mwanaakiolojia Ludger Brink, na Maggie Robbins, mwandishi wa habari aliye pia mtaalamu wa lugha. Jiwe lageuka chombo na kuwapeleka mbali kwenye sayari ambayo wenyeji wake hawaonekani. Sayari hiyo yaitwa Cocytus, jina la mto wa kilio katika kuzimu ya Wayunani wa kale. Watatu hao wajikuta kisiwani, wamezungukwa na minara iliyosimama ng'ambo ya maji, majumba mazima yasiyo na watu, na mashine zilizolala.

Hapo ndipo maoni ya wachezaji yanapoanza kugawanyika. Wako wanaosema mchezo huu ni mkavu, kwamba waliokuja na kiu ya vichekesho waliondoka na vumbi la makaburi. Wako wanaosema kuwa ukimya huo ndio ladha yake hasa. Hawa wa pili hutaja rangi za machweo yasiyokwisha, na hutaja muziki wa Michael Land, ambao hauna haraka wala haumwambii msikilizaji ahisi nini. Wanasema walitembea katika vyumba vile wakapunguza sauti zao wenyewe, kama mtu apitaye katika magofu na kuona mlango ambao wenyewe walitoka wakiamini watarudi. Anayekaa pwani yenye magofu hahitaji kuelezwa zaidi. Kundi moja lilitafuta kampani na lingine lilitafuta upweke, na mchezo ulikuwa na upweke tu wa kutoa.

Mgawanyiko wa pili ni juu ya mafumbo, na katika hilo mpenzi wa ushairi atakuwa na la kusema. Yapo mafumbo katika The Dig yanayolaumiwa hadi leo. Mojawapo ni paneli yenye vitufe vya rangi, ambayo mchezaji hana budi kuzibahatisha maana zake moja moja ili kukiendesha chombo asichojua kinataka amri gani. Jingine, mashuhuri kuliko yote, ni mifupa ya mnyama mfano wa kasa iliyotawanyika ufukweni, ambayo lazima ipangwe upya sawasawa, mfupa kwa mfupa, bila ya maelezo. Mwenye kulaumu husema kuwa huo ni ukatili. Mwenye kutetea hujibu kuwa jibu limechongwa mwambani, katika alama ya kiunzi kilichogeuka jiwe, na kwamba aliyekwama hakutazama.

Ugomvi huo ni wa kale kuliko kompyuta. Mtega kitendawili na mteguzi wake wana mapatano yasiyoandikwa: fumbo lazima lifiche, lakini lazima pia liache uzi wa kushika, la sivyo si fumbo bali ni kiburi cha mfumbaji. Na desturi imeweka adhabu ya aliyeshindwa: hutoa mji, ndipo aambiwe jibu. Wachezaji wa zama zile nao walitoa miji yao. Palikuwa na vitabu vya ufumbuzi vilivyouzwa, na laini ya simu ambayo mtu aliipiga kwa malipo akapewa dokezo. Wengi waliofanya hivyo kwa ajili ya mifupa ya kasa hukiri jambo moja: mlango ulifunguka, lakini furaha haikuingia. Aliyeipanga mifupa mwenyewe, ikamchukua jioni nzima, ndiye anayeukumbuka mchezo kwa mapenzi. Pengine lawama nyingi juu ya mafumbo ni kilio cha mji uliotolewa mapema.

Lakini fumbo la kasa lina jambo lingine ambalo wachezaji wengi hulitambua baadaye sana. Mifupa ikishapangwa, Low hutumia fuwele za uhai, vito ving'aavyo vilivyoachwa na wenyeji, na mnyama hupata nyama na pumzi. Huingia majini, na huko jitu la baharini humla. Mchezaji hana budi kumpanga tena, safari hii akimtia kilipuzi tumboni, ili jitu likimmeza liangamie. Kiumbe amefufuliwa kwa manufaa ya mwingine, na hakuna aliyemuuliza. Wakati ule mchezaji anashughulika na njia ya kupita, hivyo hacheki wala hahuzuniki. Ni Brink anayemfanya akumbuke.

Maana Brink hufa mapema: ardhi yamwangusha, naye avunjika. Low amrudisha kwa fuwele zile zile, na kwa muda mfupi jambo hilo laonekana kuwa neema tupu. Kisha Brink abadilika. Azitamani fuwele kama mlevi atamanivyo chupa; awaogopa wenzake, awaficha, awachukia. Mkono wake wanasa mwambani alipokuwa akizisaka, hata Low alazimika kuukata. Mwisho wake ni ugomvi na anguko la pili. Mtaalamu aliyekuja kuchimbua mambo ya kale ageuka mfano wa yaliyowapata wenyeji wenyewe, ambao walipoonja uhai mrefu walitaka uhai usiokoma, wakafungua njia ya kutoka katika miili yao, wakapita, na wasiijue tena njia ya kurudi.

Ikumbukwe ile desturi ya kampuni ya kutomuua mchezaji. Katika mchezo huu desturi hiyo hugeuka mzigo. Low hafi. Wanaokufa ni wenzake, na yeye, kwa mkono wa mchezaji, ndiye abakiye kuamua.

Maggie ameyaona yote. Amejifunza lugha ya wenyeji kutoka katika maktaba yao, amefahamu walichokifanya, na amemtazama Brink akipotea akiwa hai. Basi amwambia Low: ikiwa atakufa, asimrudishe. Amtaka aahidi. Low aahidi. Muda si mrefu Maggie afa akiiwasha mashine ambayo ndiyo matumaini yao ya mwisho, na fuwele zimo katika mkoba wa Low. Mchezo haumwambii mchezaji afanye nini. Kielekezi kipo juu ya skrini, maiti ipo chini, na muziki hauna haraka.

Waliotumia fuwele husema hawakuweza kufanya vinginevyo. Miaka ya michezo ya namna hii iliwafunza kuwa kila kilichomo mkobani kimewekwa ili kitumike. Tena, nani atamwacha mwenzake chini ilhali dawa i mkononi? Baadhi yao husema kwamba ahadi iliyotolewa kwa mtu mwenye hofu haiwezi kuwa nzito kuliko uhai wake. Maggie aamka, aona alichofanyiwa, naye akatisha uhai wake mwenyewe. Wengi wa walioliona hilo huukumbuka mshtuko wake: walidhani wameokoa, kumbe walivunja.

Waliojizuia nao hawajisifu sana. Wapo waliomtii Maggie kwa sababu walimheshimu, wakaona kuwa neno lake la mwisho ndilo kitu pekee cha kwake kilichobaki. Wapo waliojizuia kwa kumwogopa Brink mwingine. Na wapo wanaosema waziwazi kwamba waliupita mwili ule kwa aibu, wakahisi kuwa utiifu wao ulifanana mno na kutojali. Watu wa kila kundi waliyatazama yale yale na kuyasikia yale yale. Kilichowatenganisha kilikuwemo ndani yao kabla hawajawasha kompyuta.

Ndiyo sababu mwisho wa mchezo umezua ugomvi mkali kuliko mafumbo. Low avuka, awapata wenyeji waliopotea, awaongoza kurudi. Nao kwa shukrani wawarudisha Maggie na Brink, ahadi iwe ilitimizwa au ilivunjwa. Tofauti iliyobaki ni namna Maggie anavyomlaki Low. Wenye kulalamika husema hapo mwandishi aliogopa: deni lilikuwa la kweli, kisha tajiri mmoja akaja akalilipa kwa niaba ya wote, na uchungu ukafutwa kama chaki. Wenye kutetea husema Maggie hakuukataa uhai, aliukataa uhai wa fuwele, na kwamba waliomrudisha mwishoni walikuwa wameonja matokeo ya ujuzi wao kwa vizazi.

Hoja ya watetezi ina nguvu, lakini haiwaondolei walalamikaji haki yao. Jambo moja tu walalamikaji hulisahau. Pale penye maiti, Low hakujua kuwa kuna kurudishwa. Wala mchezaji wa mara ya kwanza hakujua. Mwenye kutimiza ahadi huku akijua atafidiwa, na mwenye kuitimiza gizani, hawako daraja moja, hata kama asubuhi yao ni moja. Mwisho mwema haukuweza kurudi nyuma na kuipunguza dakika ile.

Kampuni ya LucasArts iliacha kuunda michezo mwaka 2013, lakini The Dig ungali unauzwa, na programu ya bure iitwayo ScummVM huuwezesha kuchezeka katika kompyuta za leo. Wanaoufikia sasa ni pamoja na waliozaliwa baada ya 1995, na wale waliokuwa vijana wakati ule na sasa wanaurudia wakiwa na mvi. Hawa wa mwisho hutoa maoni ya aina ya pekee. Mifupa ya kasa wanaikumbuka vidoleni, paneli ya rangi haiwasumbui tena. Lakini katikati ya ujana na mvi wamekaa kando ya vitanda, wameshika mikono ya wazee wao, wameombwa mambo na wameahidi. Wakifika pale ambapo Maggie amelala, baadhi yao huona kuwa chaguo la zamani haliwezekani tena, wakachagua lile jingine. Wengine huliacha kipanya, wakakaa kidogo, muziki ukiendelea.