Kasorobo

Mimi ni mtu wa Unguja niliyeletwa Babati na kazi ya ualimu. Jambo lililonichukua muda mrefu kulizoea hapa si baridi ya usiku wala vumbi, ni magharibi. Mji huu uko upande wa machweo ya kisiwa chetu, na jua hutua hapa takriban robo saa baada ya kutua kwetu. Mama alipokuwa akinipigia simu baada ya kuswali, mimi huku niliuona mwanga ungali juu ya mlima Kwaraa. Nikajua mapema kwamba watu wawili waweza kuwa na saa moja na wasiwe na jioni moja.

Somo la pili lilinifika kwa Kihispania. Ndugu yangu ni baharia aliyeoa Uhispania, akajaaliwa binti mmoja. Yeye mara nyingi yuko melini, na mtoto hajui lugha ila ya mama yake. Nikaona ni aibu kwa damu yetu kunyamaziana. Nikatafuta kitabu kikuukuu, na kila usiku, baada ya kusahihisha madaftari, nikakaa nacho.

Mlango wa saa ulinifurahisha kuliko yote. Saa moja husemwa kwa umoja, “es la una”. Kuanzia mbili huingia wingi, “son las dos”. Nusu huongezwa: “las tres y media”, saa tatu na nusu. Robo hupunguzwa: “las tres menos cuarto”, tatu kasoro robo, maneno ambayo ulimi wetu umeyaunga yakawa kasorobo. Nikaona kama nimekutana na jamaa ugenini. Tena si ajabu. Waarabu waliingia nchi ile mwaka 711, na dola yao ya mwisho, ya Granada, ilianguka mwaka 1492. Lakini maneno hayakuhama nao. “Azúcar” ni sukari, “fulano” ni fulani, na “hasta” ni hata yetu hii hii.

Udugu huo ndio ulionighafilisha. Sisi twahesabu saa kwa jua: likichomoza twaanza moja, likizama twaanza moja nyingine. Twaweza kufanya hivyo kwa kuwa hapa karibu na Ikweta jua halendi mbali na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Wao hawawezi. Mwezi wa Juni, Madrid, jua huzama ikikaribia saa nne ya usiku wetu. Na tangu mwaka 1940 saa zao zimesogezwa mbele ya jua lao. Basi wao huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Hayo yote niliyajua. Kujua ni kitu kimoja, msomaji, na ulimi kuzoea ni kitu kingine.

Desemba moja mama alikuja kunitembelea. Siku ya mwisho kabla ya safari yake ya kurudi, mtoto aliniambia kwamba atapiga simu “a las tres”. Ana neno la kumwambia bibi yake. Nikaandika kwenye karatasi: saa tatu. Nikajumlisha tofauti ya saa zetu mbili? La, hata hilo sikulikumbuka. Nililisikia neno tatu, na moyo wangu ukaniambia usiku.

Jioni ya siku hiyo nilimpeleka mama Ziwa Babati kuwatazama viboko. Alicheka kama msichana kila kichwa kilipozuka majini. Simu niliiacha nyumbani. Kwa mtoto ilikuwa saa tisa alasiri. Kwetu, kumi na moja jioni. Alipiga mara nne.

Usiku mama aliswali isha, akajinyoosha. “Utaniamsha,” akasema. Saa tatu ikafika, kimya. Saa tatu na nusu nikapiga mimi. Mtoto akapokea, akaniuliza kwa kilio mbona tulimwacha akingoja, kisha akakataa kusema zaidi. Mama alikuwa usingizini, na basi lake lilikuwa la alfajiri. Sikumwamsha. Nilidhani siku zingali nyingi.

Mama alifariki kabla ya Desemba nyingine kufika. Ndipo ndugu yangu aliponiambia neno lile lilikuwa nini. Mtoto alikuwa amejifunza kusema, “Shikamoo, bibi.” Wiki nzima alikuwa akilirudia mbele ya kioo.

Sikulaumu kitabu, wala lugha. Saa ya mtoto ilikuwa sahihi, na yangu ilikuwa sahihi, kilichopungua ni mimi kuuliza, “Saa tatu ya nani?” Swali la maneno manne. Hilo ndilo kasorobo langu, na halijazwi.

Sasa mtoto yule ni msichana mkubwa, na saa zetu amezijua kuliko nilivyozijua zao. Tukipanga kuzungumza, hutaja wakati kwa lugha zote mbili, taratibu, kama anayehesabu fedha mkononi mwa mtu: “A las tres, ami. Saa tisa kwetu, kumi na moja kwenu.” Mimi hurudia nyuma yake. Kisha husema shikamoo, na kila mara hunyamaza kidogo baada yake.

Nami humwitikia marahaba, kwa niaba.