Mkunazi wa Uani



Miaka minne iliyopita tulivuka bahari kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kumzuru ndugu yetu mgonjwa. Tulifikia Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe ambao jina lake latukumbusha mti wa mkunazi. Usiku wa pili ndugu yetu akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Yalipotengenezwa maji ya kumwoshea, mzee mmoja akauliza, "Majani ya mkunazi yako wapi?" Watu wakatazamana. Vijana wakatoka na taa, wakazunguka vichochoroni, wakarudi mikono mitupu. Mwenyeji wetu akainamisha kichwa, akasema, "Uani mwetu ulikuwapo. Tuliukata kwa kuwa miiba yake iliwachoma watoto." Ilikaribia alfajiri ndipo majani yalipoletwa kutoka shamba.

Ni kweli kwamba maji matupu yatosha kumtoharisha maiti. Lakini Ummu Atiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwamba alipofariki binti wa Mtume, s.a.w., Mtume aliwaamrisha wanawake wamwoshe kwa maji na majani ya mkunazi, na katika maji ya mwisho watie kafuri. Majani hayo yakipondwa majini hutoa povu, nayo husafisha mwili.

Basi tuliporudi nyumbani tulichukua kunazi mbivu, tukala nyama yake, tukazigonga kokwa taratibu hata zikapata ufa, tukazilaza majini usiku mmoja. Tulizipanda pale pale tulipotaka mti ukae, penye jua tele, mbali na mlango na njia ya watoto. Kwani mzizi wake mkuu hushuka chini upesi, na mche ukihamishwa ukubwani hudhoofika. Tuliuzungushia uzio, maana mbuzi huyapenda sana majani yake. Ukishashika, mti huu hustahimili kiangazi.

Miiba yake hutoka miwili miwili, mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Dawa yake si shoka. Matawi ya chini hukatwa, na mti hupunguzwa baada ya kuvunwa matunda, kwa sababu maua huchipuka katika vitawi vipya. Mwaka huu umechanua vijiua vidogo vya rangi ya kijani na manjano, na nyuki wamejaa uani.

Katika Suratul Waaqia, Mwenyezi Mungu ametaja mikunazi ya Peponi isiyo na miiba. Huku duniani miiba ipo, nasi hatuna budi kuivumilia.

Mwezi uliopita jirani yetu alibisha hodi usiku wa manane. Alikuwa amefiwa na mama yake. Tulichukua taa na kisu, tukaenda uani. Hakuhitaji kusubiri alfajiri.

Enyi vijana, ulizeni nyumbani kwenu mkunazi ulio karibu uko wapi. Ikiwa haupo, pandeni mmoja kabla haujahitajiwa.

Wabillahi tawfiq.