Punda Mchanga na Safari Yake ya Kwanza

Wazee walisema punda haendi bila kigongo. Methali hiyo tumeirithi, nasi huitumia hata kwa watoto wetu. Lakini baada ya kumtayarisha punda mmoja kwa wiki nane huku Kilwa, nimeamini kuwa kigongo humwendesha mnyama hatua chache tu. Safari ndefu huhitaji maandalizi ya namna nyingine.

Punda huyo tulimnunua mwaka 2021 kwa wafugaji, baadhi yao wakiwa wale waliohamishwa kutoka Usangu na Ihefu miaka ya 2006 na 2007 wakaja mkoa wa Lindi. Haja yetu ilikuwa kubwa. Shamba la ufuta la dada yangu liko kilomita 20 kutoka ghala la chama cha msingi. Kwa misimu mingi alijitwika mavuno kichwani, mpaka shingo ikashindwa na daktari akamkataza kubeba mzigo wowote. Basi sare na madaftari ya watoto watatu yalimtegemea mnyama ambaye hata hatamu hakuijua.

Alikuwa jike wa miaka minne, umri ambao mifupa ya punda huanza kustahimili kazi. Nguvu alikuwa nazo. Kilichokosekana ni utulivu. Alirukia pembeni kila alipoona pikipiki, au kanga iliyoanikwa kambani. Mpwa wangu, aliyepangiwa kumwongoza, alikwisha kata fimbo.

“Mjomba, huyu ni mkaidi,” aliniambia.

“Mkaidi husimama akagoma, mwanangu. Huyu anatetemeka. Ukimpiga anapoogopa, ataogopa pikipiki na wewe pia.”

Fimbo ikawekwa. Wiki mbili za mwanzo hakubebeshwa kitu. Kila alfajiri alitembezwa kilomita tatu sambamba na punda mzee wa jirani, kwa kuwa punda hupata moyo kwa mwenzake. Pikipiki tulimwonyesha kwa mbali, kesho yake kwa karibu zaidi. Wiki ya tatu tulimwachia shogi ainuse, kisha tukamvika ikiwa tupu. Baadaye ikatiwa pumba kilo 10, na hatimaye mzigo ukafika kilo 40. Hatukuongeza mzigo na mwendo kwa siku moja. Baada ya kila mwendo mrefu alipumzika kutwa, akakaguliwa kwato, na mgongo ukapapaswa kwa kiganja, kwa maana kidonda cha leo chini ya shogi ndicho mgomo wa kesho. Bwana mifugo naye alimpima damu, kwani mbung'o wa pwani hii hueneza ugonjwa wa nagana, unaomdhoofisha mnyama pole pole.

Jambo moja tulilipata kwa ndugu zetu walioko Ghuba. Huko farasi hushindana mbio za masafa ya kilomita 120 hata 160. Katika kila kituo daktari humpima farasi, na mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, huondolewa mashindanoni hata kama anaongoza. Nasi tukajifunza kuweka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto cha punda wetu na kuhesabu. Moyo usiposhuka upesi, siku hiyo safari iliishia hapo.

Historia ya kusini inatuonya pia. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa mizigo na punda, akitaka kujua kama watawahimili mbung'o. Wengi walikufa njiani katika bonde la Ruvuma. Lakini watu wake waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, hata yeye mwenyewe akashindwa kupambanua kama waliuawa na mbung'o au na mateso.

Katikati ya Juni tuliondoka saa kumi alfajiri. Tulipumzika mara tatu kivulini, naye akanyweshwa maji kila mara. Barabarani lori lilipiga honi kwa ghafla. Punda akainua masikio, akatetemeka, akamtazama mpwa wangu. Kijana hakuvuta kamba. Alisimama tu na kumsemesha kwa sauti ya chini. Punda akashusha kichwa, akaendelea. Kabla ya saa tano tulikuwa ghalani, na dada, aliyetutangulia kwa gari, aliipokea stakabadhi ya ufuta wake akiwa hajabeba hata kibaba.

Ndugu msomaji, huenda huna punda. Lakini unaye kijana anayeanza kazi kiwandani au mtoto anayekwenda shule ya bweni kwa mara ya kwanza. Akisitasita, mtazame vema kabla ya kumwita mkaidi. Mzigo wake uongezwe kadiri anavyokua, na siku ya kishindo akikutazama, akukute umetulia.