MOTOKAA YA UGENINI YAFIKA SONGWE

Mtu atokaye Mbeya kwenda Kyela huanza safari katika baridi na kuimaliza katika joto. Hupita Uyole, hupita mashamba ya chai na migomba ya Tukuyu, kisha barabara huteremka kona baada ya kona mpaka masikio huziba. Huko chini ndiko tambarare ya Kyela, nchi ya mpunga, kakao na michikichi, na mbele yake Ziwa Nyasa, ambalo maji yake hayafiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukienda Matema siku ya Jumamosi utakuta soko la Lyulilo, na akina mama wa Kikisi wakiuza vyungu walivyoleta kwa mitumbwi.

Lakini leo sitaki kuwapeleka sokoni. Nataka twende Kasumulu, kwenye daraja la mto Songwe. Ng'ambo ya daraja ni Malawi, na mji mkubwa wa kwanza ni Karonga. Mto huu ulifanywa mpaka mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, wala wenyeji hawakuulizwa. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule husikilizana lugha, huoana, na huzikana. Mto wenyewe nao hautulii; gharika ikija hubadili njia yake, na shamba lililokuwa huku huonekana kule.

Kwa hiyo watu wetu hawaoni kwamba kwenda Karonga ni kwenda ugenini. Mtu huvuka asubuhi kumwona shangazi, jioni yuko nyumbani. Baba zetu walikwenda mbali zaidi, katika migodi ya Afrika Kusini, wakarudi na mablanketi, vitambaa na baiskeli. Siku hizi vijana hurudi na motokaa. Hutoka Johannesburg, hupita Zimbabwe, na Tete katika Msumbiji, kisha Malawi yote, hata wafike Songwe wamejaa vumbi na furaha. Wengine hutoka karibu, nambari zao zikiwa na herufi BT za Blantyre au MZ za Mzuzu. Na hapo darajani ndipo wengi hujua kwamba motokaa si baiskeli.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, lakini watu huja pia kuomba barua na kusomewa karatasi zao. Alikuja bwana mmoja wa kijiji cha ziwani, aliyerudi na mke na watoto wanne baada ya miaka mingi huko Kusini. Motokaa yake aliinunua miezi miwili tu kabla ya kufunga safari, kwa akiba yake yote. Mpakani akaambiwa alipe ushuru. Hakuwa nao. Gari likabaki uwanjani pa forodha, watoto wakaja nyumbani kwa basi. Mwishowe mama yake, mjane, aliuza mpunga wa mwaka ule na ng'ombe wawili. Hakuna aliyemdhulumu, sheria ndiyo hiyo. Lakini mwaka ule mama yule alinunua mchele dukani, yeye mkulima wa Kyela. Ndiyo sababu naandika.

Sheria yenyewe ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, nayo hutumika Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine wa Jumuiya. Yasema kwamba mtu anayehamia nchini kwa kweli, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, aweza kuingiza motokaa moja bila ushuru wa forodha, kama aliimiliki na kuitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12 au zaidi. Siku za kusafirishwa melini hazihesabiwi. Gari lifike katika siku 90 tangu mwenyewe kufika, ila akiongezewa muda na wakuu wa forodha. Lori kubwa na basi havimo. Na akiisha kusamehewa, asiliuze gari kama mbuzi wa mnadani, maana likienda kwa mtu asiye na msamaha ushuru hudaiwa.

Asiyetimiza hayo atalipa. Tufanye hesabu. Gari likithaminiwa shilingi 10,000,000, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Juu ya jumla hiyo huja VAT ya asilimia 18, yaani 2,250,000. Hiyo ni 4,750,000, na bado kodi ya bidhaa, ambayo hufuata ukubwa wa injini na umri wa gari, tena ada nyingine ndogo. Gari kuukuu hutozwa zaidi. Kenya wao hulikataa kabisa gari lililopita miaka 8. Wala usitegemee risiti ya bei ya kirafiki; watu wa forodha wana thamani zao.

Wengine husema, "Gari limetoka Malawi, na sisi sote tu SADC, ushuru wa nini?" Jibu ni hili: unafuu wa SADC ni kwa vitu vilivyotengenezwa katika nchi zake. Motokaa iliyoundwa Japani haigeuki kuwa ya Malawi kwa kutembea Lilongwe.

Jambo la pili ni karatasi. Kadi ya gari iwe katika jina lako, na liwe lile lile la pasipoti. Hapa Wanyakyusa wengi hukwama, maana huko Kusini mtu alijiandikisha kwa jina lake na la baba, na pasipoti yaonyesha jina la ukoo la Mwa-. Arekebishe huko huko kabla ya kuondoka. Awe na hati ya polisi kwamba gari si la wizi, na ushahidi wa makazi na kazi yake ya ugenini. Huku atatafuta wakala wa forodha mwenye leseni na namba ya mlipa kodi. Yakiisha malipo, Mamlaka ya Mapato humpa kadi na namba ya Tanzania: herufi T, tarakimu tatu, herufi tatu, kwenye kibao cha manjano kama gari ni la binafsi. Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, lakini bima ni lazima.

Anayekuja kutembea tu na kurudi haandikishi gari. Huomba kibali cha muda na kuonyesha bima, kama ile kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania huikubali ingawa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000. Lakini kibali kina mwisho wake, nalo gari lililoachwa uwanjani bila kulipiwa huweza kutangazwa na kupigwa mnada.

Basi, mwenye mtoto au ndugu huko nje, asingoje siku ya kumpokea. Ampigie simu leo, amwulize: gari ulilinunua lini, na kadi ina jina gani? Akikuta miezi haijatimia, amwambie avumilie huko mpaka itimie. Kungoja miezi michache ni afadhali kuliko kuuza ng'ombe wa mama.