Vijana Tisa wa Mukurwe wa Nyagathanga

Hadithi ya Gikuyu na Mumbi niliisikia kwanza ndani ya kijiji cha Hali ya Hatari, upande wa Tetu, nikiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Serikali ya kikoloni ilianza kutuhamisha katikati ya 1954. Nyumba zetu zilichomwa, tukabanwa kwenye vibanda vilivyopangwa mistari, ngati, yaani askari wa nyumbani wa serikali, wakishika lango kwa bunduki. Mchana mama zetu walipelekwa kuchimba mtaro kando ya msitu wa Nyandarua, mtaro uliopita kimo cha mtu, na chini yake vikachomekwa vijiti vilivyochongwa, ili wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni wasifikiwe na chakula. Jioni ikawa kafyu. Hata kwenda kuomba moto kwa jirani ilikuwa hatari.

Kiza kilipoingia cucu, bibi yangu, alianza kusimulia. Ngai, Mungu wetu, alimpandisha Gikuyu juu ya Kirinyaga, Mlima Kenya, akamwonyesha nchi, mito yake na mabonde yake, kisha akamwelekeza Mukurwe wa Nyagathanga, kule Murang'a, na huko akampa Mumbi. Wakazaa mabinti tisa na mmoja wa nyongeza, maana kwetu watoto hawahesabiwi wakafika kumi. Kila ukoo unabeba jina la binti. Cucu alituuliza mmoja mmoja, wewe ni wa nani? Nami nikajibu: Anjiru. Nje tulikuwa majina kwenye daftari la chifu, ya kuhesabiwa asubuhi na kuhesabiwa jioni. Kwa cucu tulikuwa watu wenye asili, na ardhi ile tuliyokatazwa kulima tulikuwa tumeonyeshwa na Mungu mwenyewe. Naamini kabisa kwamba bila masimulizi yale wengi wetu tungetoka kijijini tukiwa tumevunjika.

Baadaye nilijua kwamba hadithi ilikuwa imeshavuka bahari. Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wetu wa kwanza, aliiweka katika Facing Mount Kenya, kitabu alichokitoa London mwaka 1938 baada ya kusoma kwa mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski. Kwa walowezi waliodai kwamba ardhi hii haikuwa na wenyewe, hilo lilikuwa jibu.

Desemba 1963 nilikwenda uwanja wa Ruring'u, hapa Nyeri, kuwaona wapiganaji wakitoka msituni. Nywele zilikuwa zimesukika hadi mabegani, nguo zao ngozi za wanyama. Wazee walilia hadharani. Siku hizo hizo bendera ya Kenya ilipandishwa juu ya mlima, na aliyeipandisha ni Kisoi Munyao, Mkamba. Sikumsikia mtu hata mmoja wa kwetu akiuliza Mkamba amefuata nini kwa Ngai wetu. Mlima ulikuwa wa Waembu pia, na Wameru, na Wakamba, na Wamasai. Sasa ulikuwa wa nchi nzima, nchi iliyochukua jina lake.

Haikupita miaka sita. Waziri Tom Mboya, Mjaluo, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na majuma machache baadaye malori yalianza kubeba watu usiku. Ilisemwa wanakwenda kunywa chai Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta. Sote tulijua chai hiyo ni kiapo, kwamba utawala usitoke nyumba ya Mumbi. Makanisa yalipinga waziwazi, na waliokataa kula kiapo walipigwa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana karibu na Karatina. Niliumia kuliko nilivyoumia kijijini, kwa sababu maneno yaliyotumika safari hii yalikuwa ya cucu.

Nimewahi kusoma habari za Wafini, watu wa mbali mno na huku, waliotawaliwa na Urusi. Daktari mmoja, Elias Lönnrot, alizunguka vijiji vya Karelia akikusanya nyimbo za kale kutoka kwa wazee, akazitunga kuwa Kalevala, iliyotoka 1835 na kupanuliwa 1849. Nyimbo hizo ziliwasaidia kujiona taifa, wakapata uhuru Desemba 1917. Mwezi uliofuata wakaanza kuuana wao kwa wao, watu waliolelewa kwa nyimbo zile zile. Niliposoma hayo niliwaza malori yetu.

Waliosimamia kile kiapo waliacha nusu ya hadithi. Mumbi hakuzaa mwana wa kiume. Gikuyu alimlilia Ngai, akachinja mwanakondoo na mwanambuzi chini ya mti wa mugumo, na mahali pale wakatokea vijana tisa. Hawakuwa wana wa Gikuyu. Cucu hakutuambia walitoka kwa nani, wala walisema lugha gani, na hakuna aliyewauliza. Waliandaliwa chakula, wakapewa mabinti, kwa sharti la kuishi chini ya jina la mama. Bila wageni hao hakuna Anjiru, hakuna Ambui, hakuna Aceera. Nyumba ambayo watu waliapishwa kuifungia mlango ilijazwa na watu wa kuja.

Tangu 1969 hadi nilipostaafu, nilipofundisha hadithi hii darasani, nilianza na vijana tisa, kabla ya mlima na kabla ya Mumbi.